Kuku Wawili wa Bibi Getruda

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipokuwa nimerudi hapa kisiwani, Nansio, na diploma yangu ya ualimu, ya kwanza katika ukoo wetu. Ada nililipa mwenyewe kwa kubeba mizigo kiwandani Nyakato, mjini ng'ambo ya ziwa, wala sikumwomba mtu. Nalisema hilo mpaka leo na sitaacha kulisema. Lakini sikiliza na upande wake wa pili.

Bibi Getruda, jirani yetu, alinisimamisha njiani. Alikuwa na kuku hamsini, ukaingia ugonjwa wa kuku, kideri, bwana mifugo akamwandikia kwamba wamepungua kwa asilimia ishirini. Miezi ikapita, vifaranga wakakua, akamwandikia tena kwamba wameongezeka kwa asilimia ishirini. Bibi akataka kujua sasa ni kuku wangapi. Sikushika hata kalamu. Nilimwambia ishirini imetoka, ishirini imerudi, basi wako hamsini kama mwanzo.

Jioni akawahesabu. Arobaini na wanane. Kwa kuwa mwalimu mwenye diploma hakosei, mwizi akawa mjukuu wake Veronika, mwanafunzi wangu wa darasa la sita, ambaye ndiye aliyekuwa akiwafungia bandani. Akaambiwa wiki ikiisha atavuka ziwa kwa meli kwenda kwa mjomba wake mjini, Mabatini, akauze dukani, shule basi.

Kesho yake nilikuwa naandika hesabu za asilimia ubaoni Veronika aliponyoosha mkono, akasimama. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mwalimu, asilimia ishirini ya ngapi?"

Nikamjibu kwa ukali kwamba ishirini ni ishirini. Hakukaa.

"Kuku wa bibi mara ya kwanza walikuwa hamsini. Mara ya pili walikuwa arobaini. Ya ngapi, mwalimu?"

Nikahesabu mbele yao. Asilimia ishirini ya hamsini ni kumi, wakabaki arobaini. Asilimia ishirini ya arobaini ni nane. Jumla arobaini na wanane. Hakuna kuku aliyeibwa.

Mchana huohuo nilikwenda kwa Bibi, tai yangu shingoni. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Aliendelea kuchambua dagaa bila kuinua uso.

"Marahaba. Mtoto nimemwita mwizi mbele ya majirani kwa neno lako, mwalimu. Hayo unayoniambia, kawaambie na wao."

Nikapita nyumba kwa nyumba, mimi na diploma yangu. Veronika hakuvuka ziwa.

Mwanangu, wewe unayeanza kufundisha, usimwache mwanafunzi azidishe wala agawanye kabla hajakuambia asilimia hiyo ni ya ngapi. Mimi huanza kila somo hivyo, na hakuna anayefundisha asilimia kisiwani hapa kunizidi. Na ukikosea, usiishie kufuta ubao. Nenda kwa miguu yako mpaka kwa yule uliyemuumiza. Mungu akupe wanafunzi wasiokubali kukaa chini, na akupe masikio ya kuwasikia mapema kuliko nilivyosikia mimi.