Cheti cha Mtu Mmoja

Msusi alikuwa na hasira, na asije mtu akasema alikuwa anajitakia. Miaka ishirini na miwili amesuka vichwa vya watu katika chumba kimoja chenye viti vitatu na kioo kilichopasuka pembeni, na hakuna aliyetoka pale akilia isipokuwa watoto. Ghafla ikaja kanuni: asuke tu mwenye cheti cha chuo, miaka miwili ya masomo. Akaenda chuoni kuuliza. Mwalimu wa pale akamwonyesha mashine za kukaushia nywele na ndoo za dawa. Na kusuka? Kusuka hawafundishi. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesukwa akapendeza, na aliyemsuka ni huyohuyo aliyesimama mbele yake.

Ndipo akajiunga na kundi ambalo watu wenye tai zao waliliita la wendawazimu wa uhuru. Walikuwa kama arobaini, na imani yao haikuhitaji kitabu: mtu mzima anayefanya kazi bila kumdhuru mwenzake asilazimishwe kuomba ruhusa ya kuishi. Walisimama na mabango nje ya halmashauri kumtetea fundi baiskeli aliyenyang'anywa spana, muuza pombe, hata mhubiri aliyewekwa ndani kwa kuhubiri bila kibali. Msusi hanywi pombe. Mhubiri naye aliwahi kumwita wakala wa shetani kwa kuwapaka watu rangi za kucha. Msusi alimbebea bango vilevile, jua likimchoma utosi.

Kaka yake, mwalimu mstaafu mwenye safu gazetini kila Jumamosi, akaandika kwamba watu hao ni wabinafsi. Wakiachiwa wanachotaka, akauliza, maskini atatetewa na nani? Wasomaji wakatikisa vichwa, wakasema mwalimu kanena. Kanena nini? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Maskini ambaye mwalimu alikuwa akimlilia gazetini, dada yake mwenyewe, alifungiwa chumba chake Jumanne saa nne asubuhi, kwa kufuli la halmashauri, mteja akiwa kitini na kichwa kilichosukwa nusu.

Alhamisi kaka akaja nyumbani kwake na bahasha.

"Mdogo wangu, acha kununa. Nimeongea na bwana mkubwa pale halmashauri, tulisoma wote. Cheti chako hiki hapa. Kesho wanakuja kufungua kufuli."

"Cheti cha nini, kaka? Chuo sijaenda."

"Una uzoefu, wamekufikiria. Ila usionekane tena na wale watu wa mabango. Weka saini hapo chini."

Msusi akakishika. Jina lake lote lilikuwepo, na muhuri juu. Tusidanganyane, moyo ulimruka. Alikuwa na watoto wawili shuleni na mikono isiyojua kazi nyingine.

"Na wasusi wenzangu? Yule mjane wa nyuma ya soko?"

"Hao nao wana ndugu zao."

"Mjane hana ndugu, kaka. Unamjua."

"Sasa mimi nifanyeje? Kila mtu na lake, dada."

Msusi akasimama. Damu ilikuwa imempanda mpaka masikioni.

"Kaka, tangu nizaliwe sijakuvunjia heshima, leo nisamehe. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Sisi tunaosimama juani kwa ajili ya watu wasiotupenda ndio wabinafsi, na wewe unayepita mlango wa nyuma kwa ajili ya dada yako ndiye mtetezi wa maskini? Hilo neno ulilolisema sasa hivi, liandike Jumamosi. Hivyohivyo, na jina lako chini."

"Nimekuja kukusaidia, wewe unanitukana?"

"Nakurudishia bahasha yako."

Kaka akaipokea, akaondoka bila kuaga. Mlango ulipofungwa, msusi akakaa chini akalia kwa hasira, akimlaani kaka yake, halmashauri na hata ule msimamo wake mwenyewe, maana mkate alikuwa ameutupa kwa mkono wake na hakuna aliyemlazimisha. Asubuhi akanawa uso, akaenda kusimama na wenzake.

Jumamosi alinunua gazeti, akalifungua palepale barabarani. Mwalimu alikuwa ameandika juu ya faida za kupanda miti.