Kidonge cha Saa Nane

Mwanamkasi wa mtaa wa Shika Adabu alikuwa mpishi wa arusi tangu usichana wake, na Likoni nzima ilijua kwamba sufuria aliyoifunika yeye haiungui. Lakini Ramadhani ya mwaka 1991 arusi iliyomkabili ilikuwa ya binti yake mwenyewe, Mastura, iliyopangwa Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani, na mpishi hakuweza kusimama. Mkojo ulimchoma kama pilipili, kiuno kilimkata, na homa ilimtetemesha juani.

Mwanzo wa mwezi zahanati ilimpa kapsuli za siku saba. Sasa alikuwa amerudi, na Sista Rispa, muuguzi kutoka bara, alimtazama kwa mshangao.

"Mama, zile dawa ulimezaje?"

"Sawasawa. Tatu kwa siku."

"Saa ngapi?"

"Wakati wa daku."

"Na nyingine?"

"Zote papo hapo, mwanangu. Nilikuwa nimefunga. Tatu si ni tatu?"

Rispa aliweka kalamu chini. "Wewe ni mpishi. Kuni za kutwa ukizitia jikoni zote alfajiri, jioni utapikia nini?"

Wala Mwanamkasi hakuwa amesema yote. Siku ya nne maumivu yalipokwisha, kapsuli tisa zilizobaki alimpa jirani yake Mwanatatu, aliyeumwa na jino. Kwao jirani hanyimwi chumvi, dawa je?

Alipolisema hilo, Rispa alimpeleka moja kwa moja kwa daktari. Mkojo ukapimwa. Vijidudu havikuwa vimekufa, na sasa vilikuwa vikipanda kwenye figo. Daktari aliuliza kama kuna dawa iliyowahi kumvimbisha au kumletea vipele, kisha akaandika kapsuli za aina nyingine.

"Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku," alisema Rispa. "Siku kumi, hata ukipona siku ya tatu. Unywe maji mengi mchana kutwa. Usimpe mtu hata moja. Ukiona vipele, au ukizitapika, njoo mbio."

"Na saumu yangu?"

"Hilo mnalijua wewe na Mola wako. Mimi nimekwambia habari ya figo."

Jibu alilijua tangu chuo cha Kurani: mgonjwa hufungua, na siku zake akazilipa akipona. Mwenyezi Mungu ameitoa ruhusa. Ni mtaa uliojipa haki ya kuizuia! Ni wanawake wangapi walioangamia kwa kuogopa macho ya jirani?

Kesho yake mchana alikuwa barazani na Mastura na Mwanatatu, wakisukuma manda za sambusa. Redio ikatangaza saa nane. Mastura akamwangalia mamake. *Ngoja aondoke,* moyo ulimnong'oneza Mwanamkasi. Lakini Mwanatatu si mtu wa kuondoka kabla ya unga kwisha.

Akainuka, akaja na kata ya maji, akameza kapsuli mbele yao, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Yallah! Mwanamkasi, umekuwa kobe?" Ndivyo aitwavyo alaye mchana wa Ramadhani.

"Kobe hula kwa kujificha, shoga. Mimi niko barazani."

"Watu watasema!"

"Waseme. Wakimaliza, waje wanipikie arusi."

Mastura alicheka hadi unga ukamwagika.

Siku ya tatu maumivu yalikatika. Mkono wake, uliouzoea mkebe wa akiba, ukataka kuzitia humo zilizobaki. Akauzuia. Alimeza moja baada ya moja, kila saa yake, hadi ya thelathini. Mkojo ulipimwa tena, ukawa safi.

Siku ya arusi alisimama mbele ya sufuria nne tangu alfajiri hadi alasiri, mwiko mkononi, mgongo umenyooka. Mwanatatu akamsogelea, akamshika kanga.

"Shoga, nami mkojo wanichoma tangu jana. Hukubakisha mbili tatu?"

"Hata moja, wallahi. Kesho asubuhi vaa buibui lako, nitakupeleka mwenyewe kwa Rispa akupime." Kisha akamsukuma kidogo kwa kiwiko. "Sasa nipishe."

Akafunua sufuria. Mvuke ukapanda, wali ukaonekana, chembe zimeachana, haukuungua. Vigelegele vikapasuka uani.

Siku zake kumi za saumu alizilipa mwezi uliofuata, moja baada ya moja, bila kuruka.