Batri Tuliyoianika Juani

Wewe uliyekulia milima ya Masisi utanicheka, lakini wiki iliyopita nusura nianguke barabarani kwa sababu ya mkanda wa injini ya gari. Nilikuwa narudi na viazi kutoka Mushaki, taa nyekundu ya batri ikawaka, na gari likawa linapiga kelele kali kila nilipokanyaga mafuta. Pale mjini Sake fundi akapima batri gari likiwa limezimwa, akaliwasha, akapima tena. Namba hazikupanda. Akazima, akabonyeza mkanda kwa kidole gumba, ukabonyea kabisa.

"Mama, batri yako iko muzima. Njo huu mukanda umeregea, hauzungushe muzuri alternatere, ile mashini ya kuchaji batri. Batri inatoa tu, hairudishiwe kitu."

Akaukaza, akaliwasha gari, kelele ikakoma. Kelele ile naijua tangu utoto.

Kule Karuba jirani yetu alikuwa na pikapu ya petroli, gari la kijiji kizima. Ilipeleka maharage na jibini sokoni, ikarudi na chumvi, sabuni na habari za watu. Kila asubuhi ililia wiiii, nasi watoto, tukipembua maharage uani, tulilia nayo mpaka koko, nyanya yangu, atutishie kwa mwiko wa ugali. Hatukujua kwamba ule ulikuwa ugonjwa. Tulidhani ndiyo sauti yake.

Asubuhi moja haikulia kabisa. Batri ilikuwa imekufa. Basi koko alikuwa na dawa yake: mawe ya redio, yaani betri zake ndogo, yakichoka, aliyaanika juani juu ya ungo, na jioni redio ikasema tena.

"Papa," akamwambia jirani, "hiyo batri imechoka tu. Uiweke ku jua, itaamuka."

Watu walicheka. Batri ikashinda uani kwetu kando ya muhogo, nasi tukiilinda dhidi ya mbuzi. Jioni gari likawaka! Nakuambia, koko alitembea kijijini kama bibi harusi. Tangu hapo batri ikilegea ililetwa kwake, na jirani hakuwaza tena kwenda kwa fundi. Angeenda kutafuta nini?

Kisha mvua zikaanza, na mama akashikwa na uchungu, mtoto akiwa amekaa vibaya tumboni. Mkunga akasema hospitali, haraka. Batri ilikuwa imeanikwa siku iliyotangulia, kwa hiyo gari liliwaka mara moja. Koko akapanda nyuma na mama, chini ya turubai. Ukungu ulikuwa mzito mchana ule, jirani akawasha taa, na vipangusa kioo havikupumzika. Katikati ya mlima taa zikafifia, injini ikakohoa, ikazimika. Wanaume walimbeba mama kwa kipoyi, kile kitanda cha mianzi, wakiteleza matopeni mpaka hospitali. Mama alipona. Mtoto, mdogo wangu wa kiume, alitoka amekwisha kufa.

Hakuna aliyemlaumu koko. Alijilaumu mwenyewe. "Kama niliiacha ku jua siku mbili," alirudia miaka na miaka, "mutoto angekuwa hapa." Hakuanika tena mawe ya redio. Nyumba yetu, iliyokuwa ikijaa majirani kila jioni, wakisikiliza matangazo na kutafuna mahindi ya kuchoma, ikapoa.

Karuba ile haipo tena kwangu. Palipokuwa na nyumba pameota nyasi, jirani alikimbia vita na hakurudi, koko tulimzika ugenini. Miaka yote nilitamani nimpate walau mara moja nimwambie kwamba jua halikuwa na kosa, kwamba siku mbili zisingesaidia lolote. Na pale Sake, rafiki yangu, nikaelewa zaidi kuliko nilivyotaka kuelewa. Jua liliiamsha batri kidogo tu, kiasi cha kutuficha ugonjwa wenyewe. Isingeamka, jirani angeenda kwa fundi, na fundi angekaza mkanda kabla chai haijapoa. Nilishtuka hadi yule fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Nikapanda gari, nikakaa bila kuliwasha, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike, nikashukuru kwamba koko hayupo kuniuliza gari lilikuwa na shida gani.