Bamba Nililolinyima Maji

Mwaka 1961, nikiwa na miaka kumi na minne, baba alikufa na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Nilitoka kwetu Dabani, upande wa Busia, nikaenda Tororo kuchanganya saruji. Sikufundishwa na mtu. Nilitazama mikono ya mafundi mpaka yangu ikajua.

Miaka sita baadaye wataalamu wa nchi nzima walikuja Tororo kwa mkutano wao wa vifaa vipya vya ujenzi. Walitaka kuona bamba jembamba la saruji lenye nyuzi za katani badala ya nondo. Bamba hilo nililimimina mimi. Ilibaki kulifunika magunia na kulimwagia maji asubuhi na jioni kwa siku saba, maana saruji ikikauka upesi hubaki dhaifu. Kila siku niliyolimwagia nilichora mstari wa mkaa ukutani.

Siku ya pili nikaletewa habari: mama mdogo amefariki. Nilikwenda bila ruhusa, na kwetu mtu hatoki matangani kabla ya kunyolewa nywele siku ya tatu. Nilitegemea mvua. Haikunyesha. Niliporudi, magunia yalikuwa makavu kama ngozi iliyowambwa. Nikayalowesha, nikachora mistari mitatu ya uongo.

Siku ya mkutano bamba lililazwa juu ya kuta mbili za matofali zilizofika kifuani. Nyapara wetu, kwa kujisifu, akawaambia wageni kwamba fundi mwenyewe atachuchumaa chini yake huku mifuko ya saruji ikipangwa juu. Mimi hakuwa ameniambia. Wenzangu wakacheka, wakaniita kwa kabila langu, wakasema leo Msamia anageuzwa chapati.

Niliingia. Kukataa kungekuwa kukiri. Mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vumbi likanidondokea shingoni. Mkojo ulinitoka, sioni aibu kusema. Kwenye mfuko wa sita profesa mmoja mzee akavua miwani, akainama, akaingia kuja kuangalia bamba kwa chini.

"Mzee, toka," nilimwambia. "Hili halikupata maji siku tatu. Nilikwenda kuzika."

Akanitazama. "Na wewe je, umekaa hapa unangoja nini?"

Tukatambaa nje. Alisema wapakiaji waendelee. Mfuko wa kumi na moja ulipowekwa, bamba likakatika katikati, na mifuko yote ikaanguka pale nilipokuwa nimechuchumaa.

Nyapara alinifukuza kabla vumbi halijatulia. Ilikuwa haki yake, nilidanganya. Profesa hakunitetea, wala sikumwomba. Nilirudi Busia kwa miguu, nikaanza kumimina makalvati yangu mwenyewe, yale mabomba ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara. Mteja akija kabla ya siku saba namrudisha, hata awe chifu. Kukiwa na msiba, naacha mtu na ndoo.

Leo nina nyumba ya matofali ya vyumba vitano, viwanja viwili karibu na mpaka, ekari tatu Dabani, ng'ombe wanne, mashine ya kuchanganya zege, na pikipiki moja mbovu.