Nilimwonea wivu Mhindi wa Bangalore hadi nilipoona mapipa barazani kwake

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenikuta mwenyewe, asiyeamini apite tu.

Mimi ni fundi umeme, diploma nilijisomesha kwa kubeba zege. Doha nilikwenda bila connection ya mjomba, nikafanya kazi kwenye mnara wa ofisi pale West Bay. Kwa jasho hilo nikajenga Mlandizi. Nasema ili mjue anayeongea ni nani.

Chumbani kwetu Al Rayyan nilikaa na Ramesh, fundi AC kutoka Bangalore. Huyu jamaa alinitesa.

Kila Ijumaa mkewe akipiga video, ananigeuzia simu. "Bhai," yaani kaka, "njoo uone."

Ghorofa ya kumi na moja, vioo, lifti. Shamba la ulezi la baba yake lilimezwa na mji, wakapewa flat palepale. Chini inajengwa reli ya treni za umeme.

Mimi nikipiga nyumbani naona nyasi, mbuzi na kisima changu. Nikawa naongea na mama nimegeukia ukutani.

Roho iliniuma wakuu. Cheti changu kikubwa kuliko chake, halafu mji unamfuata yeye mpaka mlangoni.

Nikaamua kuuza Mlandizi ninunue apartment Dar. Dalali akapata mteja, akawa anasubiri neno langu. Ramesh nilishamwambia.

Ijumaa moja shemeji anazungusha simu atuonyeshe sofa mpya. Nyuma, barazani, nikaona mapipa ya bluu yamepangana.

"Yale ya nini?" nikamuuliza Ramesh.

"Ya maji. Lori likija tunajaza."

"Bomba hakuna?"

"Lipo. Linatoa upepo." Akacheka kidogo. "Ziwa tulilokuwa tunaogelea utotoni, siku hizi ni maduka."

Muda huohuo mama akapiga. Yuko kisimani, pampu inamwaga. Ramesh akaninyang'anya simu.

"Hayo maji ya nani?"

"Yangu. Nimechimba mwenyewe."

"Foleni iko wapi?"

"Foleni ya nani?"

Akaangalia weee. "Na hapo ndipo unapouza? Jua la Doha limekupiga kichwani."

Safari hii roho ilimuuma yeye. Sitawadanganya, nililala vizuri sana. Asubuhi nikamwambia dalali asahau.

Nimesharudi, naishi Mlandizi. Na mji niliokuwa nautamani umenifuata. Majirani kila upande, kila mmoja na kisima chake, mashine zinachoronga tu. Mwezi uliopita pampu yangu ilianza kuvuta tope.

Nilichojifunza: ukiomba mji ukufikie, uombe na maji yake. Na majirani mkae kikao kabla kila mtu hajachimba kivyake, sisi tumechelewa.

Mlioko Mlandizi, Kibaha, Chanika, kwenu maji yanapatikana mita ngapi siku hizi? Wekeni uzoefu hapa.

Juzi Ramesh katuma picha, kituo cha treni chini ya nyumba yake kimefunguliwa, anapunga mkono. Wivu umerudi upya.

Sijamjibu. Picha iliingia niko dukani nachagua mapipa, na walikuwa na ya bluu tu.