Jiwe la Mireille

Bandugu, haya ingali inanishika. Mujukuu wangu Mireille, mwenye kuniita Kambo, anatoboa betoni na mashini kwenye jengo jipya la Manika. Siku nilimupelekea bukari, chakula chake cha muchana, nikamuona anachomoa jiwe refu la mviringo mu sakafu, analiandika namba. Huku kwetu Kolwezi, jiwe la kuchomolewa chini na kuandikwa namba ni madini, ni mali! Mutoto anatoka jasho, chefu wake wa kazi ale peke yake? Apana! Nikalificha mu kitenge, nikapanda taksi-moto mupaka Musonoi, kwenye banauzisha madini.

Mununuzi wa madini akalipiga nyundo, likapasuka. "Mama, hii ni simenti tupu!"

Simu ikalia. Mireille analia: "Kambo, jiwe langu la kupima nguvu ya sakafu limeibiwa! Chefu ananifukuza!"

Mununuzi akapaza sauti: "Mama, beba bipande byako!"

Mireille akaisikia mu simu.

"Kambo... bipande bya nini?"