Siku Nilipotubu Sukari ya Mama Furaha

Wenzangu mliokua Arua miaka ile ya serikali ya askari, nyinyi hamhitaji kuelezwa sukari ilikuwa nini. Ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nguo tulifua kwa majani ya mpapai, chumvi tuligawana kwa kubana vidole, na chai tuliinywa huku mkono wa pili umeshika kiazi kitamu. Unauma kiazi, unapiga funda, unajidanganya. Ukitaka sukari ya halali, ulipanga foleni na kijikaratasi cha chifu, na aliye mbele yako akichukua, ujue yako imepungua. Nikiwasimulia wanangu haya wanatazamana. Wanadhani mama yao ameanza kuchanganyikiwa.

Lakini mimi nataka kusema juu ya Mungu. Sukari itafuata yenyewe.

Nilikuwa mtoto mcha Mungu kupita kiasi, ugonjwa niliourithi kwa upande wa mama. Mama alikuwa Mkakwa wa Midia, kule Koboko, na kila likizo alitupeleka kwa bibi yetu tukamsaidie kupalilia karanga. Kikakwa changu kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo bibi alisema nami Kiswahili chake cha kuokota sokoni. Siku moja, akiwa anakoroga kunde jikoni, aliniambia, "Mungu iko nasikia ata ile wewe nafikiri tu." Kisha akaendelea kukoroga, kama mtu aliyesema kesho kuna mvua. Kwake hayo yalikuwa maneno ya faraja. Mjane anayelima peke yake anafurahi kujua kuna anayemsikia bila yeye kufungua mdomo.

Mimi yaliniharibia usingizi. Nilikuwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo niliishi kama mtu aliyempangisha mwalimu mkuu chumba ndani ya kichwa chake. Wazo baya likinijia, haraka namwimbia Mungu jedwali la saba ili asilisikie. Mpaka leo saba mara nane inanikumbusha nyama ya mbuzi ya jirani. Tulipocheza kwepena, kurushiana na kukwepa mpira wa majani makavu ya migomba, mimi nilitangaza mwenyewe, "Umenigusa!" kabla hajaona mtu. Nilijiona mtakatifu. Wenzangu waliniona mkosi, na hakuna kundi lililotaka niwe upande wake.

Jumatano jioni waliookoka walikusanyika nyumbani kwetu. Tulisali kwa Kiswahili, maana Walugbara, Wakakwa, watu wa Kongo na wa Sudani wote walikuwemo, na hapakuwa na lugha nyingine ya kututosha. Mnaikumbuka desturi ile: mtu anasimama, anaitaja dhambi yake hadharani, bila kuizungusha, na wote wanamwimbia na kumkumbatia. Kusema kweli sijaona tena kitu kizuri kama kile. Mtu anaingia amekunja uso, anatoka mwepesi.

Mimi kilinitia wivu. Baba mmoja wa Aroi alisimama akasema aliiba mbuzi, tena wa shemeji yake. Ngoma zilipigwa, watu walilia, kinamama walimzunguka mpaka kofia ikamdondoka. Nikasimama mimi na kikombe changu nilichovunja. Wakaimba ubeti mmoja, wakakaa. Jumatano iliyofuata nikatubu kumnunia dada yangu. Hata ubeti haukuisha. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: upendo wa Mungu nao una foleni, na wenye dhambi kubwa wanasimama mbele. Nilihitaji dhambi ya maana.

Jirani yetu alikuwa Mama Furaha, mjane mnene, mcheshi, aliyetoka upande wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Alikaanga maandazi. Hakuwa wa mkutano wetu. Alikuwa Mkatoliki, tena alipenda kucheza dansi, na mimi nilikwishampangia mahali pake siku ya mwisho, si pazuri sana. Siku moja alinituma chumbani kwake nimletee ungo. Nilipoinama, nikaona chini ya kitanda gunia lililofunikwa kwa kitenge. Nikaingiza kidole. Wenzangu, ilikuwa sukari!

Niliramba mpaka meno yakaniuma. Jedwali la saba liliisha, nikaingia la nane. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Ningependa kusema ulafi ulinishinda, kwani hilo lingesameheka. Lakini kila nilipoingiza kidole nilikuwa nawaza, sasa hii ndiyo dhambi, Jumatano wataniimbia mpaka giza.

Jumatano ikafika. Nikasimama, nikakunja mikono kifuani, nikasema kwa sauti ya mhubiri kwamba nimeramba sukari ya Mama Furaha siku tatu, kutoka kwenye gunia zima alilolificha chini ya kitanda.

Hakuna aliyeimba. Ndipo nikaona wote wanatazama mkeka mmoja, na juu ya mkeka ule alikuwa ameketi mke wa chifu wa gombolola, tarafa yetu. Sukari ya kutoka Kongo ilikuwa magendo. Mtu alichukuliwa kwa debe moja tu, na si kila aliyechukuliwa alirudi. Hayo tuliyajua hata sisi watoto. Nilikuwa nimeyasahau kwa sababu nilikuwa najisikiliza mimi mwenyewe. Nilitaka kuyarudisha maneno yangu, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mama akasimama. Nilidhani ananijia na fimbo. Hakunitazama. Akasema, "Mimi pia. Mimi nakunywa chai ya ile sukari tangu mutoto mudogo nazaliwa. Yeye naleta kikombe, nafunika na kitambaa. Mimi hapana sema, juu yeye nasema usiambie mutu."

Kabla hajaketi, mwinjilisti wetu, mzee mkavu asiyecheka ovyo, akajikohoza. "Ata mimi," akasema. "Wakati bibi yangu nagonjwa." Akasimama mwingine, na mwingine tena. Nyumba nzima ilikuwa imekunywa sukari ile, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayeletewa. Mwishowe akabaki mke wa chifu. Alijifunga kitenge upya, polepole, akasema, "Kikombe yangu iko ya bluu." Akakaa.

Hapo ndipo waliimba. Waliimba sana, wakashikana, wakacheka na kulia, na mimi nilisimama katikati yao nikijua fika kwamba hakuna anayeniimbia mimi.

Walipoondoka, mama hakunichapa. Alisema tu, "Enda. Ambia yeye na mudomo yako."

Kutoka mlango wetu hadi mlango wa Mama Furaha hazikuzidi hatua arobaini. Nilizitembea kama ninakwenda Koboko kwa miguu. Nilimkuta anakanda unga, nikamwambia yote: kidole, siku tatu, mkutano, mke wa chifu. Mikono yake ikasimama ndani ya unga. Niliona ameogopa. Mtu mzima mnene vile, ameogopa kwa sababu yangu. Kisha akauliza, "Ulitumia kijiko ao kidole?"

"Kidole."

"Ulinawa?"

"Hapana."

"Mungu wangu," akasema, na akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa kiwiko. Hakusema amenisamehe. Alinikatia andazi, akarudi kwenye unga wake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia uwanja nikamwona anakuja kwetu na karai kubwa kichwani, limefunikwa kwa majani ya kunde. Aliingia chumba chetu cha watoto pamoja na mama, akalitua, akatoa ndani yake lile gunia la sukari, akalisukuma chini ya kitanda changu mimi. "Mulinzi wa sukari ni ule anaijua," akasema. "Ni weye unajua utamu yake." Mama alitikisa kichwa, lakini hakumkataza. Mimi niliona amerukwa na akili. Mwizi anakabidhiwa ghala!

Siku mbili baadaye askari walikuja. Nani aliwaambia sijui mpaka leo. Mama yangu aliapa si mke wa chifu. Walipekua nyumba ya Mama Furaha, wakamwaga unga, wakapindua kitanda. Hawakupata kitu. Walipotoka, mmoja wao alinikuta mlangoni kwetu, akainama mpaka nikanusa tumbaku. "Mutoto, sukari iko?"

Mnanijua sasa. Mimi ndiye wa "umenigusa." Sikuwahi kuulizwa swali nikakosa kulijibu, hata nisipoulizwa nilijibu. Nyuma yake nilimwona Mama Furaha amesimama uwanjani, nywele zina unga, ananitazama. Hakunikonyeza, wala hakutikisa kichwa. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri maandazi yaive. Nikanyamaza. Sikuimba jedwali lolote. Nilijua Mungu anasikia ninachofikiri, na kwa mara ya kwanza nilimwachia asikie, sikuona haya. Nilikuwa nampenda yule mama, basi. Hakukuwa na kingine kichwani.

"Iko bubu?" askari akauliza wenzake. Wakacheka, wakaenda zao.

Gunia lilikaa pale hadi likaisha, kikombe kwa kikombe. Mtaniuliza kama niliramba tena. Mara moja. Nilinawa kwanza.

Vita vilipokuja tulikimbia, kila familia na njia yake, na tuliporudi Mama Furaha hakurudi. Nimemuulizia Ariwara mara nyingi. Kuna Mama Furaha wengi kule, wa kwangu hayupo.

Siku hizi sukari imejaa madukani na daktari amenikataza. Vijana wetu wanatubu kwenye simu, wanajipiga picha kwanza ili machozi yaonekane vizuri, na mimi ninayewacheka ndiye niliyeiba ili niimbiwe. Kanisa letu lina vipaza sauti vinavyosikika mpaka ng'ambo ya mtaa. Jumapili tunakumbatiana, tunaambiana tunapendana. Nami nawapenda kweli, na nawaombea kwa majina. Ila nikiwatazama mmoja mmoja, najiuliza ni nani kati yao ambaye, akisikia Jumatano kwamba nimemwibia, atakuja Alhamisi asubuhi kuniwekea gunia lake chini ya kitanda. Kisha najiuliza ni nani mimi ningempelekea langu.